Kibakuli Kilichojaa Makapi

Kasuku wetu wa kwanza alikufa huku kibakuli chake cha chakula kikiwa kimejaa pomoni. Nililieleza jambo hilo kwa majirani kama ushahidi kwamba sikuwa na hatia, kwamba ndege hakukosa kitu nyumbani kwangu, na ilinichukua miezi mitatu pamoja na ziara ya shangazi yangu kutoka Unguja kutambua kwamba kibakuli kile ndicho kilichokuwa kikinishitaki.

Naanza nyuma kidogo, kwa kuwa makosa yangu yalitangulia hata kuja kwa ndege wenyewe. Mwaka 2019 binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 9, alirudi kutoka kwa rafiki yake wa shule akiwa na ombi moja tu, nalo lilikuwa ndege. Jumamosi iliyofuata nikaenda Kariakoo na, kama mtu anayenunua tandiko kabla ya kumpata punda, nikaanza na tundu. Lilikuwa la duara, refu, jeupe, lenye kuba juu, na lilinigharimu shilingi 85,000. Muuzaji alilisifia, nami nikalisifia, na hakuna kati yetu aliyeuliza ni ndege gani angeishi humo. Kasuku mdogo huruka kwa kwenda mbele, hapandi wima, kwa hiyo urefu wa kwenda juu haumsaidii kitu. Anachohitaji ni upana wa kumwezesha kupiga mabawa mara tatu nne kabla ya kutua. Duara humnyima kona ya kujisogeza anapoogopa. Nyaya zilizosimama wima peke yake humchosha, kwa sababu yeye hupanda kwa miguu na mdomo, na nyaya za kulala ndizo ngazi yake. Isitoshe, rangi ile nyeupe ilikuwa imepakwa kwa brashi, na baada ya wiki chache ilianza kubanduka. Kasuku hutafuna kila kinachobanduka, na rangi za kupaka ovyo zaweza kuwa na madini ya risasi, kama vile waya uliochovywa zinki kwa uzembe unavyoacha vitone vya zinki hiyo kwenye maungio. Sumu zote mbili humwangusha ndege bila kelele.

Nikiwa bado nimelikumbatia tundu langu, kijana mmoja aliniita pembeni akafunua boksi la katoni. Ndani mlikuwa na ndege wadogo wa kijani wapatao kumi, wenye uso wa rangi ya chungwa, mdomo mwekundu na duara jeupe kuzunguka macho, wamejibana kwenye pembe moja kama waliokuwa wakijaribu kuwa ndege mmoja. Aliwataja kwa jina la lavubedi, akaniambia kila mmoja ni shilingi 15,000. Nilikuwa nimekwisha kufungua pochi. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye aliwahi kufanya kazi karibu na hifadhi na aliyekuwa amenisindikiza kwa sababu ya mzigo, akanigusa kiwiko.

"Shemeji, twende," alisema kwa sauti ya chini. "Hao hawauzwi hivyo."

Njiani ndipo aliponieleza. Ndege wale ni wa kwetu hasa, makazi yao ya asili ni kusini na kusini-mashariki mwa Ziwa Victoria hadi Serengeti, na katika miaka ya 1980 walinaswa na kusafirishwa nje kwa wingi kiasi kwamba walikuwa miongoni mwa ndege mwitu waliouzwa sana duniani. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyamapori ni mali ya umma aliyewekwa katika dhamana ya Rais, na kumkamata au kukaa naye bila kibali ni kosa la jinai, hata kama ni kindege kinachoenea kiganjani. Alinieleza pia kuhusu CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, ambao umeorodhesha karibu aina zote za kasuku duniani isipokuwa nne zinazozalishwa kwa wingi na wafugaji. Kasuku wa kijivu, yule msemaji anayetamaniwa na wengi, alipandishwa kwenye orodha kali kuliko zote katika mkutano wa Johannesburg wa mwaka 2016. Kwa hiyo mtu anayekuuzia kasuku wa kijivu barazani bila karatasi anakuuzia kesi. Nimewahi kusifiwa kwa kutowanunua wale ndege wa katoni, na kila mara hulazimika kusahihisha: sikuwa mwema siku ile, nilikuwa na shemeji.

Tulimalizia katika duka lililouza kasuku wadogo wa Australia, ambao wauzaji wa hapa huwaita baji. Hao ni miongoni mwa zile aina nne. Walipelekwa Uingereza wakiwa hai mwaka 1840 na mtaalamu wa ndege John Gould, wakazaliana vizuri matunduni, na wanaouzwa leo ni vitukuu vya vitukuu vya ndege ambao hawakuwahi kuiona nyika. Kwa anayeanza ni chaguo la busara: ni wadogo, hawapigi kelele za kuamsha mtaa, na hula nafaka zinazopatikana sokoni kwetu. Nilitoa shilingi 60,000 kwa wawili. Wa kwanza alikuwa wa samawati, mwenye fujo, aliyening'inia kichwa chini akitukemea. Wa pili alikuwa wa kijani, ametulia juu ya kijiti, manyoya yamefura kama mpira, macho nusu yamefumba. Alipoguswa hakukimbia. Nikamwambia binti yangu kwamba huyu ndiye mpole na atazoea mkono haraka.

Upole ule niliouchagua ulikuwa ugonjwa, na hapa ndipo ningependa msomaji anayekusudia kununua atulie kidogo. Ndege ni mawindo. Porini, anayeonyesha udhaifu huchaguliwa na mwewe kabla ya wenzake, na kwa sababu hiyo ndege huficha maradhi mpaka nguvu ya kuficha imwishie. Anapokuja kukaa amefura mchana wa jua, mkia ukipanda na kushuka kwa kila pumzi, amekuwa mgonjwa kwa siku nyingi. Dukani, simama mbali kwanza, dakika kumi au zaidi, kwa kuwa ukisogea hata mgonjwa hujikaza. Tazama nani anakula, nani anaruka, nani anagombana. Tazama manyoya ya chini ya mkia, maana yakiwa yamegandiana kwa kinyesi tumbo lake lina kasoro. Tazama mdomo na miguu kama kuna ukoko mweupe wenye vitundu mithili ya sega la nyuki. Kuhusu umri, mchanga ana mistari myeusi inayoshuka kwenye paji mpaka juu ya mdomo, na mistari hiyo humtoka anapobadili manyoya kwa mara ya kwanza, akiwa na miezi mitatu hadi minne. Kuhusu jinsia, angalia ile ngozi laini juu ya mdomo penye matundu ya pua: kwa dume mzima huwa ya buluu, kwa jike huwa ya kahawia au nyeupe iliyofifia, ingawa kwa baadhi ya rangi za manyoya kanuni hii huyumba.

Binti yangu alimpa wa kijani jina la Mchicha na wa samawati jina la Bahari. Niliwamiminia uwele mpaka ukingoni, nikaweka maji, nikaona nimetimiza wajibu. Siku ya 11 asubuhi Mchicha alikuwa chini ya tundu, amelala ubavu. Binti yangu hakulia mbele yangu. Alikwenda kulia bafuni na kufungua bomba ili nisisikie, jambo lililoniuma kuliko machozi yenyewe.

Kwa haraka ya kumfuta machozi nilitenda kosa la pili wiki hiyo hiyo. Nilirudi dukani, nikanunua jike wa manjano kwa shilingi 35,000, tukamwita Manjano, na jioni ile ile nikamtia katika tundu moja na Bahari. Mwezi mmoja baadaye wote wawili walikuwa na ule ukoko wa mdomoni. Ni utitiri, wadudu wasioonekana kwa macho wanaotoboa ngozi ya mdomo na miguu, na huambukizana kwa kugusana. Laiti ningemweka mgeni chumba kingine kwa siku 40, nikimhudumia wa mwisho na kunawa mikono kabla ya kurudi kwa mwenyeji, ningeutibu ukoko kwa ndege mmoja badala ya wawili.

Tiba nayo ilikuwa na mkasa wake. Duka la kwanza la dawa za mifugo nililokwenda liliniuzia unga wa kuku, antibiotiki ya kuchanganya kwenye maji, bila kuuliza ndege ana uzito gani wala kumtazama. Antibiotiki haiui utitiri. Tena kasuku mdogo hunywa matone machache tu kwa siku, na maji yakibadilika ladha huyaacha kabisa, kwa hiyo hujui amepata kipimo gani, kama amepata. Nilipoteza siku tisa. Daktari wa mifugo niliyempata baadaye, kwa kuulizia kutoka kwa mfugaji wa njiwa, alianza kwa kumweka Bahari katika kisanduku juu ya mizani. Aliandika uzito, akakokotoa, akamdondoshea tone moja la aivamekitini, dawa ya kuua utitiri, kwenye ngozi ya shingo, akarudia baada ya wiki mbili. Nilimlipa shilingi 30,000 kwa kila ziara na sikuzionea uchungu. Aliniambia mizani ilisoma gramu 29 na kwamba ndege huyu alikuwa mwembamba, nami nikamjibu kwa kujiamini kwamba anakula vizuri, kibakuli chake huwa kimejaa wakati wote.

Shangazi yangu alikuja mwezi huo huo. Ni mtu wa Unguja, aliyekulia katika nyumba ambayo daima ilikuwa na chiriku tunduni, na nadhani hakuna mtu mwingine ninayemjua anayeingia ndani na kuamkia ndege kabla ya kukaa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye tundu.

"Mwanangu, wanyama hawa umewalisha lini?"

"Jana, shangazi. Si unaona bado kimejaa?"

Alifungua mlango, akakitoa kibakuli, akakisogeza mdomoni, akapuliza. Wingu la makapi likaruka, likatua kwenye baibui lake na kwenye sakafu. Chini kabisa zilibaki punje kama saba. Kasuku hamezi uwele mzima. Huumenya kwa ulimi na mdomo, humeza kiini na kuliacha ganda pale pale kibakulini, na ganda tupu kwa mtu asiyetazama vizuri halina tofauti na punje. Nilikuwa nikiongeza kiganja kimoja juu ya makapi kila baada ya siku mbili tatu, nikiamini naongezea chakula juu ya chakula. Kisha shangazi akamshika Bahari kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, shingo katikati ya vidole viwili na mwili umetulia kiganjani bila kubanwa kifua, akapitisha kidole juu ya kidari. "Gusa," akaniambia. Mfupa ulikuwa umechongoka kama ukingo wa kisu, bila nyama pande zote mbili.

Hakunigombeza, na ningefarijika zaidi kama angenigombeza. Alikwenda kunawa, akarudi, akasema kwamba mama yake alikuwa akipuliza kibakuli kila alfajiri baada ya swala, na kwamba aliyekuwa akisahau hakupewa chai mpaka apulize.

Kesho yake nilinunua mizani ya jikoni inayosoma gramu, shilingi 18,000, na daftari. Tangu hapo kila asubuhi, kabla ya kula, kila ndege hupimwa. Tulimfundisha Bahari kupanda kijiti kilichofungwa juu ya mizani kwa kumpa punje chache za ulezi, na ilimchukua siku sita kuzoea. Kasuku mdogo mwenye afya huwa kati ya gramu 30 na 40 hivi, lakini kinachojali ni mwenendo wa huyo uliye naye, maana aliyezoea 36 akishuka hadi 32 amepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mwili wake, na hapo hungoji akufurie manyoya ndipo umpeleke kwa daktari. Kati ya vyote nilivyonunua katika miaka hii, ningeweza kuacha kila kitu isipokuwa ile mizani. Ajabu ni kwamba sijawahi kuikuta kwenye rafu moja na vifaa vya ndege. Huko kuna vioo, kengele, na ngazi za plastiki.

Shangazi alikaa wiki tatu, na katika wiki hizo alitufundisha mengi na kukosea moja. Alhamisi jioni, kama ilivyo desturi yake, aliwasha chetezo akafukiza udi chumba hadi chumba. Tundu lilikuwa sebuleni, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mbu. Haikupita nusu saa Manjano akawa amekenua mdomo, mkia ukipiga kama pampu. Tulimtoa uani mbio, tukakaa naye chini ya mwembe mpaka alipotulia, na shangazi alikuwa akitetemeka kuliko ndege. Nyumbani kwao, aliniambia baadaye, tundu lilining'inia barazani, na hakuwahi kufikiri kwamba tofauti ya baraza na sebule ingeweza kuwa tofauti ya uhai.

Daktari alinieleza sababu yake. Ndege hana mapafu yanayojaa na kutoka kama yetu. Ana mifuko ya hewa iliyosambaa mwilini, na hewa hupita mapafuni mwake kwa kuelekea upande mmoja bila kusita, kiasi kwamba huvuna oksijeni kwa ufanisi mkubwa na huvuna sumu kwa ufanisi ule ule. Ndiyo maana wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza waliteremka na chiriku mgodini, mpaka mwaka 1986 vyombo vya kupimia vilipochukua nafasi yake: chiriku alianguka kabla ya mtu kuhisi chochote. Katika nyumba zetu orodha ya hatari ni ndefu kuliko mgodi. Jiko la mkaa lililoingizwa ndani siku ya mvua, dawa ya kupulizia mbu, koili ya mbu, marashi ya kupuliza, sigara. Vikaango vile visivyogandisha vikisahaulika jikoni bila kitu ndani mpaka vikapata moto mkali hutoa mvuke usio na rangi ambao huua kasuku kwa dakika chache, hata akiwa chumba cha pili. Chetezo sasa huwashwa uani, na shangazi akija hukumbusha yeye mwenyewe kabla sijasema.

Tundu la kuba nililiondoa. Fundi wa kuchomelea wa mtaa wa Gerezani alinitengenezea jingine la mstatili, urefu sentimita 80, upana 45, kimo 50, nyaya zikipishana milimita 12 ili kichwa kisipenye, pande mbili zikiwa na nyaya za kulala. Alinitoza shilingi 140,000. Chuma kisichoshika kutu ndicho bora, lakini bei yake ilinishinda, kwa hiyo nilichukua waya wenye zinki, nikausugua wote kwa brashi ngumu na siki, nikausuuza, nikauacha juani siku kadhaa kabla ya ndege kuingia. Vijiti vya plastiki nilivitupa, kwani unene ule ule siku zote huubana mguu mahali pale pale mpaka unafanya kidonda. Matawi ya mpera, yenye unene tofauti tofauti na gome la kutafuna, yalitokana na ua wa jirani na hayakunigharimu kitu isipokuwa kuyaosha na kuyaanika.

Chakula kilihitaji subira zaidi. Nafaka peke yake huwanenepesha na kuwapunguzia vitamini A na kalsiamu, na ini huathirika. Nilianza kwa kujaribu uhai wa nafaka yenyewe: punje 20 za uwele katika kitambaa chenye unyevu kwa siku tatu. Zilichipua nne tu. Nilibadili muuzaji. Sasa kwa kila muuzaji huuliza kama nafaka imetiwa dawa ya kuhifadhia, na sigusi mbegu za kupandia, ambazo hupakwa dawa na mara nyingi rangi. Nachanganya uwele, ulezi na mtama, na matumizi ya ndege wawili hayazidi shilingi 12,000 kwa mwezi. Mboga walizikataa kwa wiki tano. Nilikata, nikakwangua, nikaning'iniza, wapi. Siku moja nilifunga fungu la matembele yaliyolowa juu ya tundu, Bahari akajisugua kwenye majani kama anaoga, akaonja kwa bahati mbaya, na tangu hapo huyadai kwa kelele. Wanapata pia karoti iliyokwanguliwa, sukuma wiki, malenge na majani ya mlonge, na kwa kalsiamu lile gamba jeupe la dome, kiumbe wa baharini anayefanana na ngisi, ambalo bahari hulitupa ufukweni, nililoliloweka kwa siku kadhaa nikibadili maji ili chumvi itoke, kisha nikalikausha juani. Parachichi halifiki karibu nao, kwa kuwa lina sumu inayoua ndege, na vivyo hivyo chokoleti, kahawa, kitunguu na vyakula vya chumvi. Changarawe zinazouzwa dukani kwa ajili ya kusaga chakula hazina kazi kwa ndege anayemenya punje zake.

Kunguru nao walinifundisha kwa njia yao. Hawa wa shingo ya kijivu waliojaa Dar es Salaam ni wageni kutoka Asia, walioletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, na ni wezi wenye akili. Wakati wa joto la kaskazi nililitoa tundu barazani ili wapate upepo. Nilikwenda kuzima jiko tu. Niliporudi kunguru alikuwa amemvuta Bahari kwa kidole cha mguu kupitia kati ya nyaya. Kidole hakikupona. Sasa tundu la barazani limezungushiwa wavu wa pili ulioachana na wa kwanza kwa upana wa kiganja, na hakuna anayewaacha nje bila mtu. Usiku huingizwa ndani, kwa sababu ya panya na paka, wakafunikwa shuka jepesi wapate saa 11 au 12 za giza. Kuku wa jirani nao tumewawekea mpaka, kwa kuwa kideri, ule ugonjwa wa kuku, hakibagui ndege wa bei ndogo na wa bei kubwa.

Kuna kosa moja ninaloliandika kwa shida. Mwaka 2022 binti yangu alitamani vifaranga, nami nikatamani pamoja naye, nikawatundikia kiota cha mbao. Manjano alitaga mayai manne, akiruka siku moja kati ya yai na yai. La tano halikutoka. Lilikuwa limekwama, naye akakaa chini ya tundu akijikamua, na ilikuwa Jumapili usiku. Nilimweka katika kisanduku chenye chupa ya maji ya moto iliyofungwa kanga, kwa kuwa balbu za siku hizi hazitoi joto, lakini daktari alipofika asubuhi na sindano ya kalsiamu tulikuwa tumechelewa. Jike haanzi kutaga kwa sababu sisi tunataka vifaranga. Anatakiwa awe mtu mzima, amejengwa kwa kalsiamu miezi kadhaa kabla, na mwenye kumfuga awe na namba ya daktari anayepokea simu usiku. Nilikuwa na kiota tu. Mayai yale manne hayakuanguliwa.

Bahari alinyamaza. Kwa wiki mbili daftari linaonyesha 35, 35, 34, 33. Wapo watakaokwambia uweke kioo, lakini kioo humfanya alishe sura yake mwenyewe na kumzidishia kiwewe. Kasuku wadogo huishi kwa makundi, na mtu anayetoka kazini saa 12 jioni hawezi kuwa kundi. Safari hii tulikwenda dukani bila tundu, bila haraka, binti yangu akiwa na miaka 12 na mimi nikiwa nimekatazwa kusema. Alisimama mbali kwa takribani nusu saa. Muuzaji alimwonyesha ndege mzuri wa zambarau aliyetulia tuli, na binti yangu akatikisa kichwa. Alichagua mwenye mistari mpaka juu ya mdomo, wa kijivu, aliyekuwa akimnyang'anya mwenzake tawi. Tulikwenda naye moja kwa moja kwa daktari, akapimwa kinyesi, kisha akakaa chumba cha nyuma siku 40, na kwa siku hizo zote mlango ulipofungwa Bahari aliusikiliza.

Siku ya 41 tuliweka matundu mawili umbali wa hatua nne. Kila siku mbili tuliyasogeza kidogo. Nilidhani watapigana watakapokutana, na kweli Bahari alimfukuza mgeni kwenye tawi la mpera mara tatu siku ya kwanza, tukawawekea vibakuli viwili, kila kimoja upande wake, ili asiwepo wa kuzuiwa chakula. Asubuhi ya tano niliwakuta wamekaa tawi moja, Bahari akimchambua mgeni manyoya ya shingoni, mahali ambapo ndege hawezi kujifikia mwenyewe. Binti yangu alikuwa amekwisha kuamka. Alikuwa amepuliza vibakuli vyote viwili, makapi yametapakaa sakafuni, na kwenye daftari alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: Bahari 36, Kijivu 34.